GoFundMe kwa upasuaji wa mbwa: tulivyochangisha fedha za goti la Tomi

Nianze na jibu, maana anayesoma haya huenda ana mbwa anayeumia sasa hivi. Ndiyo, GoFundMe, tovuti ya kuomba michango ya fedha, inafaa kuchangishia upasuaji wa mbwa, mradi upasuaji wenyewe unaweza kusubiri wiki mbili tatu, na mradi mna karatasi ya daktari inayoonyesha kila gharama. Kama mbwa amejaa gesi na tumbo limejipinda, hiyo ni dharura ya saa chache; usikae kutunga maelezo ya kampeni. Mkimbize kliniki, omba kulipa kwa awamu, na ukurasa wa michango mtaufungua akishatoka chumba cha upasuaji.

Sisi muda tulikuwa nao. Tomi ni chotara mkubwa, uzito wake umepita kilo 30, na tatizo lilikuwa goti la nyuma. Dalili ya kwanza kuiona ilikuwa namna yake ya kukaa: badala ya kukunja miguu yote miwili chini yake, mmoja aliutupa pembeni. Akisimama, ncha za vidole tu ndizo ziligusa sakafu. Mama mkwe wangu hutembea kwa mkongojo, na Tomi huenda naye mdogomdogo bila kumvuta hata siku moja. Yeye ndiye aliyesema, "Huyu mtoto anaumwa, mpelekeni." Daktari alimlaza ubavu, akalishika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono mwingine, akausukuma muundi mbele. Ukateleza. Katika goti zima muundi hautelezi hivyo, kuna kano inayouzuia. Ya Tomi ilikuwa imekatika.

Akatushauri upasuaji unaoitwa TPLO. Uso wa juu wa muundi wa mbwa umeinama kuelekea nyuma, kwa hiyo kila akikanyaga fupa la paja linataka kuteremka kwenye huo mwinamo, na kano ikishakatika hakuna cha kulizuia. Mpasuaji anakata sehemu ya juu ya muundi kwa msumeno wenye ncha ya mviringo, anaizungusha mpaka mwinamo ubaki wa digrii 5 hivi, kisha anaifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Aliyeubuni ni daktari Mmarekani, Barclay Slocum, na leo ni upasuaji wa kawaida kabisa kwa mbwa wakubwa wenye tatizo hili. Kawaida haina maana ya rahisi. Kuna eksirei, vipimo vya damu, nusukaputi na mtu wa kuisimamia muda wote, bamba lenyewe, mpasuaji aliyebobea kwenye mifupa, kulazwa, dawa za maumivu, na eksirei ya marudio baada ya wiki nane hivi kuona kama mfupa umeunga. Tulipoiona jumla, mimi na mume wangu tulitazamana tukanyamaza.

Sasa huduma yenyewe.

GoFundMe ilianza mwaka 2010 kule Marekani na ndiyo inayojulikana zaidi kwa michango ya mtu binafsi. Unafungua ukurasa, unaweka picha, maelezo na lengo, unapata kiungo cha kutuma kwa watu. Kufungua ni bure. Zamani kampuni ilikata asilimia 5 ya kila kinachoingia. Mwishoni mwa 2017 iliiondoa ada hiyo kwa kampeni binafsi za Marekani, ikaweka bakshishi ya hiari anayoitoa mchangiaji. Kinachobaki kukatwa ni gharama ya kupitisha malipo ya kadi, ambayo kwa Marekani ni asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango.

Hizo senti 30 zinaonekana ndogo lakini zifanyie hesabu. Mtu akitoa dola 5, zinakatwa kama senti 45, karibu asilimia 9 ya alichotoa. Akitoa dola 50, inakatwa dola 1 na senti 75, asilimia 3 na nusu tu. Kwa hiyo kama ukoo wenu una watu kumi ambao kila mmoja ana kidogo, ni afadhali wamkabidhi mmoja wao atume kwa mkupuo, na majina yao yote ayaandike kwenye ujumbe. Dada yangu, ambaye ni mhasibu, ndiye aliyeliona hili. Aliwakusanyia shangazi na binamu zetu michango yao, akaituma mara moja, na kila jina likaonekana kwenye ukurasa.

Kitu kilichonipa utulivu ni kwamba fedha zinazoingia ni zenu hata lengo lisipofikiwa. Kuna majukwaa mengine, Kickstarter kwa mfano, ambako usipofika lengo hupati kitu. Kwa mgonjwa utaratibu huo haufai hata kidogo. Hapa pia hakuna tarehe ya mwisho, na mnaweza kutoa fedha huku kampeni ikiendelea. Tulilipa malipo ya awali ya kliniki kwa namna hiyo, wakati lengo bado liko mbali.

Lakini fedha hazifiki siku hiyohiyo. Kwanza wanathibitisha wewe ni nani na akaunti ya benki ni ya nani, na jina la kitambulisho lazima lioane na la benki. Kisha ukishaomba zitumwe, kwa kawaida zinachukua siku 2 hadi 5 za kazi kuingia. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Mpange tarehe ya upasuaji mkijua hilo, na uthibitisho wa akaunti mufanye siku ileile mnayofungua ukurasa, msingoje fedha ziingie ndipo muanze kutafuta vitambulisho. Na kabla ya yote angalieni kama nchi yenu imo kwenye orodha yao, kwa sababu anayefungua kampeni lazima awe na akaunti ya benki katika mojawapo ya nchi wanazozihudumia, ambazo si nyingi. Nyingi ziko Ulaya na Amerika Kaskazini. Kuchangia ni rahisi zaidi, kadi inatosha. Ndugu wa nchi nyingine wengi walichangia kwa kadi zao.

Hapo ndipo kazi ya jukwaa inapoishia. Kumfanya mtu atoe fedha zake ni kazi yenu, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu nimeona kampeni nyingi za mbwa zikikwama na bado mbwa ni wazuri, picha ni nzuri, na wenyewe wana shida ya kweli.

Kliniki ya kwanza tuliyokwenda ilitutajia kiasi kwa mdomo. Nilipoomba waniandikie kila kitu na bei yake, mtu wa mapokezi akasema hawana utaratibu huo, jumla inatosha. Nilitoka pale nimekasirika, na hadi leo naona si haki kumwambia mtu alipe kiasi kikubwa namna ile bila kumwonyesha kinaenda wapi. Kliniki ya pili ilituandikia ukurasa mzima: nusukaputi kiasi fulani, bamba na skrubu kiasi fulani, mpasuaji, kulazwa, dawa moja moja, eksirei za kabla na za baada. Chini daktari akasaini na kuweka muhuri. Nikaipiga picha, nikafuta namba yetu ya simu na anwani, nikaiweka kwenye kampeni, ya pili baada ya picha ya Tomi.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotuchangishia. Nasema hivi kwa sababu watu waliniambia wenyewe. Rafiki wa mume wangu, ambaye mbwa hawapendi na hajawahi kufuga, alichagua mstari wa dawa za maumivu akasema, "Huu ni wangu." Mwalimu wa zamani wa mwanangu alilipia eksirei ya marudio. Mtu akiona jumla kubwa anahisi mchango wake ni tone, anaona haya kutoa kidogo, basi hatoi kabisa. Akiona mstari wenye kiasi anachokiweza, anakuwa amelipia kitu kizima chenye jina. Baada ya kuliona hilo nilibadilisha maelezo nikaandika orodha ya mistari iliyokwisha kulipiwa na iliyobaki, na kila mmoja ukilipiwa niliuandika jina la aliyeulipia, kama ameridhia.

Kitu cha pili kilichosaidia ni kuandika sisi wenyewe tumeshatoa kiasi gani. Kabla ya kufungua ukurasa tulishalipa uchunguzi na eksirei za kwanza, na tulishaweka pembeni karibu theluthi ya gharama. Tuliliandika hilo kwenye aya ya kwanza. Dada yangu alisisitiza, na nakubaliana naye kabisa: kabla mtu hajakuchangia anataka kuona mkono wako uko wapi.

Yeye pia ndiye aliyeuliza maswali mawili ambayo kila mwenye kampeni inafaa ayajibu kabla hajaulizwa. La kwanza: kuna upasuaji wa bei nafuu zaidi, kwa nini hamkuuchagua? Upo kweli. Mpasuaji anaweza kupitisha uzi imara wa nailoni nje ya kiungo, ufanye kazi ya kano iliyokatika, bila kukata mfupa. Kwa mbwa mdogo mara nyingi unatosha, na wapo wadogo wanaopona kwa kupumzishwa na dawa tu. Kwa mbwa mzito na mchangamfu uzi unaweza kulegea au kukatika kabla goti halijajijengea uimara wake. Daktari alituandikia sentensi mbili za kueleza hivyo, tukaziweka kama zilivyo.

La pili lilikuwa gumu zaidi: goti la pili je? Mbwa wengi waliokatika kano ya goti moja, karibu nusu yao, huja kukatika na la pili. Mume wangu aliona tusilitaje, watu wasije wakakata tamaa. Mimi niliona tukinyamaza na goti la pili likakatika, tutakuwa tumewaficha watu waliotuamini. Tukaandika wazi kwamba hatari hiyo ipo, kwamba tutampunguza Tomi uzito ili goti zima lisibebeshwe mzigo, na kwamba fedha zikizidi zitatunzwa kwa ajili ya goti hilo kwa mwaka mmoja, kisha zikibaki zitakwenda kwa kituo cha kutunza mbwa waliotupwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyerudi nyuma kwa sababu ya aya hiyo. Wawili waliniandikia kwamba ndiyo iliyowafanya watoe.

Kuhusu kusambaza kiungo, sitasema mengi. Kukiweka hadharani kunaleta pole nyingi na fedha kidogo. Ujumbe wa mtu mmoja mmoja, wenye jina lake na salamu ya kweli, ndio unaoleta mchango. Siku za mwanzo waandikieni wa karibu kwanza, ukurasa usikutwe mtupu na wageni, kwa sababu ukurasa wenye sifuri unatisha kuuanza.

Mtaandikiwa pia maneno mazito. Mtu mmoja ninayemheshimu aliniandikia, "Dada, kuna watoto hawana ada ya shule, nanyi mnachangia mbwa?" Sikumjibu kwa hasira, maana swali lake lina uzito na nimelifikiria sana. Nilimwandikia kwamba hatumwondolei mtoto yeyote chochote, kwamba kila anayetoa ametoa kwa hiari na najua wengi wao hutoa kwa watoto pia. Nikamwambia mnyama huyu tulimchukua sisi, tukamfundisha kututegemea, hivyo maumivu yake ni dhamana yetu. Nikamweleza na mama mkwe. Anapoamka usiku kwenda msalani, Tomi huinuka akatangulia, na akipepesuka mbwa husimama imara ili amshikilie mgongoni. Usiku ule wa kwanza baada ya kano kukatika alijaribu kuinuka kwa miguu mitatu, akaanguka, akajaribu tena. Mama alikaa chini sakafuni naye, asimwache ahangaike. Yule bwana hakuchanga, na sina kinyongo naye. Lakini baadaye aliuliza mbwa anaendeleaje.

Kwenye GoFundMe kuna sehemu ya kuandika maendeleo, na kila uandikapo, waliochangia hupata taarifa kwa baruapepe. Itumieni. Nimeona kampeni ambazo mwenyewe aliandika siku ya kufungua akapotea, na watu wakabaki wanajiuliza kama mbwa yuko hai. Sisi tuliandika kila kulipokuwa na jambo: tarehe ya upasuaji ilipopatikana, alipoingia, alipoamka, eksirei yenye bamba na skrubu zikiwa mahali pake. Hiyo picha ya eksirei iliwafurahisha watu kuliko picha yoyote ya Tomi mwenyewe. Bamba linang'aa jeupe, skrubu zimejipanga, na ule mstari wa mkato wa mviringo unaonekana wazi juu ya mfupa. Mtu aliyelipia bamba aliliona bamba lake. Michango iliongezeka tena baada ya hapo, wakati sisi tulidhani imekwisha.

Andikeni pia kuhusu kuuguza, kwa sababu wengi hudhani kazi imeisha mshono ukifungwa. Kwa wiki kadhaa mbwa haruhusiwi kukimbia, kuruka wala kupanda ngazi peke yake. Anatoka kwa kamba fupi, dakika chache, anarudi. Tulifunga ngazi kwa ubao, tukatandika mikeka ya mpira kwenye sakafu ya vigae asiteleze, na kola kubwa ya plastiki alivaa shingoni asilambe mshono. Mwanangu alilala naye sebuleni. Gharama za hivi vitu vidogo, na za mazoezi ya viungo kama daktari ameyashauri, ziingizeni kwenye lengo tangu mwanzo.

Kasoro ninayoiona kwenye huduma yenyewe ni ile bakshishi. Mchangiaji anapofika kulipa, hukuta kiasi kimeshapendekezwa kama asilimia ya anachotoa, na asiyetaka inabidi akibadilishe mwenyewe hadi sifuri. Ni hiari kweli, na kampuni inahitaji kula mahali, lakini ningependa ianzie sifuri na mtu apandishe akipenda. Mtu mzima asiyezoea mitandao anaweza kudhani ni lazima. Mimi niliandika kwenye ujumbe wangu wa kila mtu, "Utaona sehemu ya bakshishi ya jukwaa, haiji kwetu, na unaweza kuiweka sifuri." Nawashauri mfanye hivyohivyo.

Kwa upande wa uaminifu, wana dhamana ya kumrudishia mchangiaji fedha zake ikithibitika kampeni ilikuwa ya uongo au fedha zimetumiwa vingine, na anaweza kuomba ndani ya mwaka mmoja. Watu waliotaka uhakika zaidi niliwapa namba ya kliniki, kwa ridhaa ya daktari, walipe moja kwa moja kwenye akaunti ya Tomi pale. Wapo waliofanya hivyo. Waggle, jukwaa la Marekani la wanyama tu, utaratibu wake wote uko hivyo: fedha zinakwenda kwa daktari wa wanyama, hazipiti mkononi mwa mwenye mbwa. Kwa asiyejulikana na wengi nadhani hilo lina nguvu kuliko GoFundMe, kwa sababu mgeni hana sababu ya kuwa na shaka. Kwa mwenye ndugu na marafiki wengi, GoFundMe ni pana zaidi na wengi wameshawahi kuisikia.

Na kabla ya kuchangisha kokote, ulizeni kama kuna njia ya kupunguza gharama yenyewe. Hospitali za vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari wa mifugo mara nyingine huwa na nafuu, na wapasuaji wake ni wazuri. Uingereza kuna PDSA, shirika lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917, ambalo hutibu wanyama wa watu wenye kipato kidogo. Kama mbwa ana bima, someni masharti kwa makini, kwani bima nyingi hazilipii tatizo lililokuwepo kabla ya kukata bima, na zipo zinazolihesabu goti la pili kuwa tatizo lilelile la kwanza.

Naipa GoFundMe nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya bakshishi, na kwa sababu watu wa nchi nyingi hawawezi kufungua kampeni.

Lengo letu tulilifikia baada ya upasuaji, si kabla. Tofauti iliyokuwepo siku yenyewe kliniki ilikubali tuimalize kwa awamu mbili. Eksirei ya marudio ilionyesha mfupa umeunga. Siku hiyo nilizima kitufe cha kupokea michango, nikaweka picha ya ankara ya mwisho yenye muhuri wa "imelipwa," nikaandika kilichobaki ni kiasi gani na kiko akaunti gani. Ukurasa nimeuacha wazi usomwe. Tomi sasa anakaa amekunja miguu yote miwili, na daktari ataliangalia goti la pili kila anapokwenda chanjo.